Eda Juu ya Maji

Esha wa nyumba ya pili ndiye aliyeniletea habari kwamba mjane wa Chirau anatembea. Nilikuwa nyuma ya nyumba nafua nepi za Issa. Hakuketi. Alisimama na ndoo yake tupu, akainama kidogo.

"Huna habari weye, Mama Issa? Asubuhi nimeiona ile mashua imeelekeza uso baharini. Saa hizi nimepita tena, imeelekeza uso huku mikokoni. Mtu yuko eda, shoga, na anapiga mitembezi."

Nilimwambia mashua iliyotia nanga hugeuka na maji. Maji yakijaa inaangalia baharini, yakitoka inaangalia nchi kavu. Esha mumewe ni mvuvi, analijua hilo kuliko mimi. Akasema analijua, lakini watu wanasema. Nikamuuliza ni watu gani. Akasema ni watu tu, akaenda zake kisimani.

Nilizianika nepi, nikamfunga Issa mgongoni, nikatia wali na mchuzi wa papa kwenye bakuli lenye kifuniko. Maji yalikuwa yametoka. Kutoka pwani ya Gazi hadi pale ilipokuwa mashua ya Chirau, kwenye mkondo ambao haukauki, ilikuwa ni kutembea kwenye matope na maji ya magoti. Nilikuwa nikienda hivyo karibu kila siku tangu mzee Chirau alipofariki. Bi Kadzo, mjane wake, alikuwa palepale nilipomwacha jana, kwenye upande wa mbele wa mashua, chini ya turubai, anasokota pamba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Akalipokea bakuli na kuliweka pembeni bila kulifunua.

Sikumwambia maneno ya Esha. Nadhani alikuwa ameyasikia. Sauti huenda mbali juu ya maji.

Chirau alikuwa fundi wa kukalafati. Mashua ikianza kuvuja, yeye ndiye aliyekuwa akiipiga pamba kwenye viungo vya mbao kwa nyundo na patasi, akapaka mafuta, ikawa nzima. Hakuwa na karakana. Karakana yake ilikuwa mashua yake mwenyewe, na mashua hiyo hiyo ilikuwa nyumba yake na mkewe. Likija bamvua, maji yakapanda juu kabisa ya mchanga, wenye vyombo huvipandisha pwani kuvitengeneza, na hapo ndipo mashine ya mashua ya Chirau ilipokuwa ikisikika ikija. Wakimaliza Gazi wanakwenda Funzi, Bodo, wanaingia mdomo wa mto Ramisi mpaka pale mikoko inapokutana juu, wanatoka, wanashuka Majoreni hadi Vanga. Halafu wanarudi. Watoto walikuwa wakiwahesabu kama mtu anavyohesabu mwezi. Mashuani walikuwa na kuku mmoja kwenye tenga, mchicha kwenye beseni mbili kuukuu, na kijipaneli cha sola cha kuchajia simu. Nguo zilianikwa kwenye kamba kutoka mlingoti hadi nyuma, kwa hiyo kabla hujaiona mashua vizuri ulikuwa ukiona kanga.

Mwenyewe Bi Kadzo si mtu wa bahari. Kwao ni Mkongani, watu wa mahindi na mihogo. Chirau alikwenda huko kununua mbao za mwembe, akarudi na mbao na mke. Bi Kadzo aliniambia kwamba siku ya kwanza alipopanda chombo alishika ubao wa mbele kwa mikono miwili, na Chirau akamwacha ashike, hakumcheka. Tangu siku hiyo mbele pakawa kwake. Nyuma, kwenye usukani, pakawa kwa mumewe. Walizungumza hivyo, kutoka huku na huku, mashine ikinguruma katikati. Ndiyo maana wote wawili walikuwa na sauti kubwa hata wakija nyumbani kuomba kibiriti.

"Kwetu maji yalikuwa ya kuteka," aliniambia. "Hayakuwa ya kukaa."

Hawakujaaliwa mtoto. Hilo hakulisema yeye, nililiona mwenyewe, na sikuuliza.

Pamba ya kukalafati haipigwi hivi hivi. Lazima isokotwe kwanza iwe uzi mnene, na ili isokotwe vizuri mwisho mmoja lazima ushikwe. Chirau alikuwa akiupachika kwenye kidole gumba cha mguu wake. Anakaa nyuma na mguu ameunyosha, mikono yake ikiendelea kunoa patasi au kula chungwa, na mkewe yuko mbele anasokota. Wageni wa hoteli za Diani walipokuwa wakipitishwa na boti za watalii kuangalia mikoko, wengine walisimamisha boti wakawapiga picha wakiwa hivyo, mke na mume wamefungwa kwa uzi wa pamba. Chirau alikuwa akiwapungia kwa mguu ule ule. Bi Kadzo alimgombeza, uzi unaharibika.

Chirau alifariki baada ya alasiri, hapa hapa Gazi, na uzi kwenye kidole.

"Ulilegea," Bi Kadzo aliniambia. "Nikauvuta, nikadhani anasinzia. Nikauvuta tena."

Aliniambia hivyo kwa sauti ile ile aliyoniuliza nayo kama mchuzi nimeutia chumvi. Sikumwona akilia. Siku ya maziko wanawake walimkalisha kwangu, wakalia wao, yeye akawa anaangalia mlango. Wanaume waliporudi makaburini, mama mmoja akamuuliza eda atakaa wapi. Mke aliyefiwa hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, katika nyumba aliyoachwa na mumewe. Hajipambi, hatoki ila kwa dharura, wala hazungumzi na mwanamume anayeweza kumuoa. Bi Kadzo akasema nyumba yake iko majini. Baadhi ya wanawake wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Akatumwa mtu kumuuliza ustadhi wa madrasa, naye akajibu kwamba nyumba ni pale alipokuwa akilala na mumewe, na kama ni mashua basi ni mashua, lakini isihamishwe.

Basi akarudishwa mashuani jioni ile, na nanga haikung'olewa tena.

Majoreni, kwa ndugu zake Chirau, hawakuridhika. Walitaka eda ikaliwe kwao, kwenye nyumba ya mawe, mbele ya macho yao. Kulikuwa na maneno ya zamani. Bi Kadzo alisilimu alipoolewa, na wapo waliosema tangu siku hiyo kwamba mtu wa shambani hajui mwanzo wala mwisho wa mambo ya dini. Walipompigia simu alikuwa akiniwekea mimi sikioni nimjibie. Mara moja tu alinieleza sababu, na alinieleza huku macho yake yakiwa kwenye pamba.

"Sitaki waseme Chirau aliacha mwanamke asiyejua kumkalia eda. Hicho tu ndicho kilichobaki nimfanyie."

Nikaelewa. Sikuona ana jambo jingine linalomshughulisha. Wali alikula ukimwambia ale. Kuku akitaga, yai lilikaa hapo hapo tengani mpaka nilichukue mimi. Pamba ndiyo aliyokuwa akisokota, mwisho mmoja ameufunga kwenye msumari wa mlingoti. Hakukuwa na chombo cha kuziba wala fundi wa kuziba. Akijaza kikapu kimoja anaanza kingine. Nyuma, kwenye usukani, hakwenda. Kikombe cha bati cha mzee kilikuwa bado kimetundikwa pale, na kamba ya mashine ilikuwa vile alivyoiacha yeye.

Kisha mashua ikaanza kuvuja.

Ilikuwa lazima. Chombo cha mbao hakitaki kukaa majini muda wote huo bila kupandishwa. Kuna wadudu wa baharini wanaotoboa mbao kimya kimya, na dawa yao ni kupandisha chombo juu ya mchanga, kukipitishia moto wa makuti chini, kukipiga pamba upya na kukipaka chokaa iliyokandwa kwa mafuta. Chirau alikuwa akiifanyia yake hivyo kila mara. Mwanzo Bi Kadzo alitoa maji kwa kikopo asubuhi. Baadaye asubuhi na jioni. Siku moja nilifika nikakuta mkeka wake umelowa, naye amekaa juu yake, anasokota.

Nilimwambia mume wangu alipokuja Ijumaa kutoka Diani anakofanya kazi, naye akaenda kwa ustadhi. Jibu halikunifurahisha ingawa lilikuwa la haki. Ustadhi alisema nyumba ikiwa inaanguka, hiyo ni dharura, mjane ana ruhusa ya kuhamia mahali salama, na mahali hapo ni kwa wakwe zake. Habari hiyo ilifika Majoreni kabla sijafika nyumbani kwa Esha kuomba ndimu.

Bamvua lilipokaribia, akaja Iddi. Iddi ni mdogo wake Chirau, na yeye pia ni fundi wa kukalafati, wote walifundishwa na baba yao. Anafanana na marehemu kwa mabega. Nilipomwona akishuka na mfuko wake njiani, nilisimama kidogo. Akaja hadi pwani, akataka nimpelekee ujumbe, kwa sababu shemeji yake hazungumzi naye katika eda. Kwa hiyo mdomo ukawa ni mimi. Nikaenda mashuani na matope yangu, nikarudi, nikaenda tena.

Iddi alisema amekuja kumchukua. Nyumba inazama, ustadhi ameruhusu, gari liko barabarani. Mashua itapandishwa na yeye ataitengeneza akipata nafasi.

Bi Kadzo alisema hashuki.

Iddi akasema basi atazama nayo, na watu watauliza ndugu zake Chirau walikuwa wapi.

Bi Kadzo akasema akishuka, watu watauliza eda ilikwenda wapi.

Watu walikuwa wameshakusanyika. Wavuvi waliokuja kupandisha vyombo vyao walikaa juu ya magogo wakisikiliza, na kila nikirudi waliniuliza amesemaje. Nilikuwa nimechoka, Issa analia mgongoni. Na hapo Esha, ambaye alikuwa amesimama na mikono kiunoni tangu mwanzo, akasema kwa kejeli yake ya kila siku:

"Haya mvuteni basi na nyumba yake! Mwali haonwi, apandishwe na turubai lake."

Watu wakacheka. Halafu mumewe Esha akaacha kucheka, akaangalia mkondo, akaangalia mchanga. Akasema mbona inawezekana. Mwingine akasema mtu mmoja uzito wake ni nini. Mtu akatumwa kwa ustadhi, akarudi na jibu kwamba mjane akiwa ndani ya nyumba yake hajatoka nyumbani kwake, na kuisogeza mpaka mchangani ni kuitengeneza, si kuihamisha. Esha mwenyewe alishangaa. Alijitazama kama mtu aliyeokota kitu na hajui ni cha nani.

Iddi alisogea ukingoni mwa maji. Alivua viatu, akaingia majini, akaenda hadi kwenye mashua, ule upande usio na turubai, akagonga ubao mmoja kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Akagonga mwingine. Akarudi pwani, akakaa chini, akafungua mfuko wake.

Maji yalipojaa, waliipandisha. Wanaume walishika kamba na magogo yakapangwa chini, Bi Kadzo ndani, turubai limeshushwa pande zote. Mimi nilikuwa naye, kwa sababu alihitaji mwenzake na mimi nilikuwa tayari nimelowa. Sikuona kitu, nilisikia tu mbao zikilia na watu wakiitikiana. Maji yalipotoka, mashua ikalalia ubavu. Masufuria yakateremka upande mmoja, kuku akapiga kelele. Sakafu ikawa ukuta na ubavu ukawa sakafu. Tukakaa hapo, yeye, mimi na Issa, migongo yetu kwenye mbao, na upande wa pili wa mbao hizo alikuwa Iddi.

Akapitisha moto wa makuti, kidogo kidogo, asiuache mahali pamoja. Joto likapanda mgongoni. Nikataka kusogea na mtoto. Bi Kadzo hakutikisika.

"Kunanukia kama zamani," akasema.

Kisha Iddi akaniita akaniambia pamba aliyokuja nayo haitatosha, maana hakujua hali ni mbaya hivi, na wa kumsokotea hana. Sikuhitaji kupeleka ujumbe huo, turubai si ukuta. Bi Kadzo alivuta kikapu akanipa. Akavuta cha pili. Kile cha tatu nilikuwa sijakijua hata kama kipo, kilikuwa chini ya nguo za mzee. Nilivitoa nje vyote. Iddi akachukua uzi mmoja, akaupitisha kati ya vidole vyake kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, akaangalia bahari. Akaanza kupiga.

Ile sauti ya nyundo iliingia kwenye mifupa. Issa akalala nayo. Waliigeuza mashua maji mengine yalipokuja na kutoka, tukahamia ubavu wa pili pamoja na kuku na masufuria. Katikati ya kazi, Iddi, bila kuacha kupiga, akatoa lile ambalo sote tulijua liko. Akasema nimwambie shemeji kwamba kisheria mke asiye na mtoto ana robo, na robo tatu ni za ndugu. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja jina la ubao.

Bi Kadzo akanigeukia.

"Mwambie najua. Robo yangu ni hii ya mbele. Ndiyo niikaayo."

Nililifikisha vile vile lilivyo. Wavuvi wawili waliokuwa wakikanda chokaa wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia Iddi, haya sasa, ikate upeleke yako Majoreni tuone itaeleaje. Iddi naye akacheka, mara moja tu, puani. Nyundo ikasimama. Nikasikia maji ya mbali.

Aliposema tena hakusema nami. Alisema na mbao.

"Chirau alikuwa akija kwangu lakini halali nyumbani. Namtandikia kitanda, analala majini na mkewe. Mama alikuwa akikasirika." Akapiga kidogo, akaacha. "Mwambie akitoka eda, mashua ikae naye. Nikija Gazi kwa kazi nitalala msikitini. Asokote tu, nitakuwa nikituma mtu kuchukua pamba."

Nilimgeukia Bi Kadzo. Alikuwa amesikia. Nilitazamia machozi, au ashukuru, au aniambie nishukuru kwa niaba yake. Alichukua pamba mbichi, akaangalia huku na huku apate pa kufunga mwisho wake, maana msumari wa mlingoti sasa ulikuwa juu hewani. Hakupapata. Akaiweka mapajani. Nikamshukuru Mzee Iddi kwa maneno yangu mwenyewe, nikamwambia Mungu amjaze kheri, akaitikia amina.

Chokaa ilipokauka waliingoja bahari. Esha alileta uji kwa wote na kusema kwa sauti kwamba wazo lilikuwa lake. Hakuna aliyembishia. Maji yakaja chini ya mashua, ikaanza kunyanyuka, ikasimama wima. Masufuria yakarudi yalikokuwa yakikaa. Bi Kadzo akatia mkono kati ya mbao za chini, akautoa, akautazama. Mkavu. Akaupangusa kwenye kanga hata hivyo.

Ilibidi irudi kinyumenyume. Mumewe Esha akaniita kutoka nje, akasema mmoja wetu ashike usukani, usipinde, maana maji yakiukuta haujashikwa yanaupindua na kuuvunja. Mwanamume hawezi kupanda humo. Bi Kadzo ashike, alisema, yeye ndiye ajuaye.

Lakini yeye hajui. Miaka yote ile alikaa mbele. Na tangu uzi ule ulegee, hakuna mtu aliyekanyaga nyuma ya mlingoti. Tukapaangalia, yeye na mimi. Kikombe cha bati kilikuwa bado kimetundikwa, kinabembea kidogo kwa sababu mashua ilikuwa imeanza kuelea. Nje watu walikuwa wamekwisha kushika mbao, wanangoja neno. Nikadhani atasema hapana, tushuke, basi.

Akainyoosha mikono yake, yote miwili, kwenye mgongo wangu alipokuwa Issa.

"Nipe mtoto," akasema. "Weye nenda ukakae pale kwake, unishikie usukani. Usiukaze, mwanangu. Ushike tu, mpaka ielee."